Kichwa Uswidi, Mkia Norwei

Bibi yangu Borghild alihama nchi akiwa na miaka sabini na minane, na hakwenda mbali. Ukisimama mlangoni pake pa zamani ukarusha kiazi kwa nguvu, kinaangukia nchi aliyohamia. Nimejaribu. Kiazi kilipita bila kuulizwa pasipoti.

Alihama kwa sababu ya mbwa. Watu wa mjini wakisikia hivyo hunitazama kwa huruma, kana kwamba nimewaambia bibi ameanza kuvaa soksi kichwani. Basi ngoja nieleze, na nianze na mbwa mwenyewe, maana yeye ndiye mhalifu.

Anaitwa Tufsa. Ni wa ile mbegu ya Ucheki, ambako zamani wanajeshi walichukua mbwa wao wa ulinzi wakawapandisha na mbwa mwitu, wakitumaini kupata askari asiyechoka. Walichopata ni mnyama mwenye manyoya ya mbwa mwitu, miguu ya mbwa mwitu, macho ya njano ya mbwa mwitu, na moyo wa kuku wa mayai. Tufsa anaogopa mashine ya kufyonza vumbi. Anaogopa mwavuli. Siku moja mwanakondoo alimsogelea amnuse, naye akarudi nyumbani kinyumenyume, akajificha nyuma ya jiko mpaka jioni. Kitu kimoja tu kinampa ujasiri, nacho ni kinanda cha kodiani. Redio ikipiga kodiani, Tufsa huinua pua juu na kutoa mlio mrefu, wa kupanda na kushuka, mlio ambao ukiusikia ukiwa peke yako msituni nywele za kisogo zinasimama bila kukuomba ruhusa.

Upande wa Uswidi Tufsa ni mbwa. Anachanjwa, anapanda basi, watoto wanamvuta masikio. Upande wa Norwei sheria imeitaja mbegu yake waziwazi: hafugwi, haingizwi, hazalishwi. Chotara wa mbwa mwitu, yamekwisha. Na mpaka wenyewe unapita msituni kwetu, wala hakuna anayeuangalia. Tunavuka kwenda kununua nyama ya nguruwe na peremende za bei nafuu kama mtu anavyotoka sebuleni kwenda jikoni. Hata shamba la Bibi liko pande zote mbili, kwa sababu wazee wetu waliufyeka msitu huu kabla wafalme hawajakumbuka kuugawana.

Tufsa alikuwa wa Gun-Britt, binamu yake Bibi wa ng'ambo. Gun-Britt alipofariki, mbwa akachukuliwa na mpwa wake, Kjell-Åke, anayeishi kwenye nyumba ya ghorofa huko mjini. Huko Tufsa alikula sofa. Sisemi alilitafuna, alilila. Kisha akatoroka kupitia dirishani, akakatiza msitu, akafika kwa Bibi akiwa na nyuzi za sofa kwenye meno. Bibi akafungua mlango akamtazama.

"Umekula?" akamwuliza.

Hivyo ndivyo uhalifu ulivyoanza.

Sasa, jirani yetu Oddleif Kvernmoen ana kondoo. Miaka miwili iliyopita mbwa mwitu wa kweli aliwavamia malishoni, na Oddleif alizunguka msituni kutwa nzima na bunduki, akiwamaliza kondoo waliokuwa bado wanapumua. Mimi humtania kila mtu kwa kila jambo, lakini hilo sijawahi kulitania. Kwa hiyo aliposikia ule mlio ukitoka jikoni kwa Bibi, hakuuliza kama redio ilikuwa inapiga kodiani. Aliwapigia simu polisi.

Bibi alipojua, hakukasirikia simu ya polisi. "Anipigie polisi, sawa," alisema. "Lakini angenipigia mimi kwanza. Tunatumia barabara moja!"

Polisi wetu ni Torgrim, mtu mrefu, mpole, ambaye amekuwa akila kwa Bibi tangu hajaota ndevu. Alikuja Alhamisi, mwezi wa sita, wakati kondoo wameshaachiwa msituni na mbu wameshaamka. Alivua viatu mlangoni kama mtu aliyelelewa, akasimama katikati ya jiko na sare yake na soksi za sufu, moja imetoboka kwenye dole gumba.

"Bibi Borghild," alisema, "yule ni mbegu gani?"

"Mbegu ya jikoni."

"Bibi."

"Anakula viazi na mchuzi. Mbwa mwitu gani anakula viazi na mchuzi?"

Tufsa, kwa kumwogopa mgeni, alikuwa ameingiza kichwa chini ya meza akaamini amejificha. Mwili wote uliobaki ulikuwa nje, umejaa jikoni kama zulia lililokunjwa vibaya.

"Sheria haiulizi anakula nini," Torgrim alisema. "Wala haiulizi ana tabia gani. Inauliza mbegu. Na Oddleif amelalamika rasmi. Kwa kweli leo nilipaswa kuja na daktari wa mifugo, na daktari alipaswa kuja na sindano ya mwisho."

Mimi nilikuwa nakaanga waffle, zile keki bapa za kubanwa kwenye chuma, na iliyokuwa motoni ikaungua pale pale, kwa sababu sikuweza kuinua mkono.

"Nimewaomba wakubwa muda," Torgrim akaendelea. "Mpaka Jumatatu, saa sita mchana. Ikiwa makazi yake yatakuwa yameshahama nchi, nafunga shauri. Ikiwa bado anaishi upande huu, au akirudi siku yoyote, hakuna atakayeniuliza maoni yangu."

"Nimpeleke wapi? Kwa Kjell-Åke akamalizie kabati?"

"Sijui, Bibi. Uswidi ni kubwa."

Bibi alimwekea waffle mbele, ile iliyoungua, akaipaka jamu kwa nguvu kama anayepiga lipu.

"Na mimi je?" akauliza. "Mimi Waswidi wananiruhusu kukaa kwao?"

"Wewe? Mtu wa huku haombi hata kibali. Anakwenda tu."

"Kumbe. Kwa hiyo kule wananikubali mimi na wanamkubali yeye. Ni hapa tu ndipo mmoja wetu hatakiwi."

"Bibi, una miaka sabini na minane."

"Na wewe una tundu kwenye soksi. Kila mtu ana lake. Kula."

Torgrim alipoondoka nilimshauri Bibi tukodi karavani, tuiegeshe ng'ambo, tujipange taratibu. Aliniangalia kama nimemtukania wazazi.

"Mimi ni mtalii?"

"Hapana, Bibi, lakini..."

"Nimezaliwa kwenye nyumba ya magogo, nitakaa kwenye nyumba ya magogo." Akaonyesha dirishani, kwenye kile kijumba cha zamani cha kupikia kilicho nyuma ya ghala. Chumba kimoja, dirisha moja, ndimo alimozaliwa. "Ile pale."

"Ile pale nini?"

"Ndiyo inahama, Synne. Amka."

Nyumba zetu za zamani hazina msumari. Magogo yamefumana kwenye pembe kama vidole vya mikono miwili, na kila gogo lina alama yake ya patasi. Ukitaka kuhama unaifumua, unaibeba, unaifuma tena mahali pengine. Alama za kijumba kile zilikuwa bado zinasomeka, kwa sababu kilishawahi kuhama. Babu yake Bibi alikileta kutoka ng'ambo baada ya kugombana na kasisi wa Kiswidi juu ya ng'ombe aliyeingia makaburini.

"Kilihama kwa hasira," alisema Bibi akikipigapiga ukutani kama shavu la farasi. "Kinaijua njia."

Wakubwa wa Uswidi nao hawasumbui mtu kwa kibanda cha ukubwa ule kwenye shamba lake mwenyewe. Kwa hiyo tatizo lilibaki moja: mikono. Na Bibi akachukua simu.

Kwetu kuna kitu kinaitwa dugnad. Mtu akikuitia dugnad, unakwenda. Hulipwi, hushukuriwi, huulizi sababu. Unakuja na shoka lako, unafanya kazi, unakula uji wa krimu na nyama ya kukausha, unarudi kwako. Mtu anaweza kukosa harusi ya dada yake akaeleweka. Akikosa dugnad, watasema juu yake mpaka wajukuu wake wahame wilaya.

Bibi alipiga simu nyumba baada ya nyumba kwa maneno yale yale: "Jumamosi. Dugnad. Uji upo." Kisha nikamsikia akisema, "Oddleif? Borghild hapa."

Nikampungia mikono yote miwili. Bibi akanigeuzia mgongo.

"Jumamosi. Dugnad. Lete trekta, lile lenye mkono wa magogo." Akasikiliza. "Ndiyo, ndiyo hiyo nyumba. Ndiyo, ndiye huyo mbwa." Akasikiliza tena, akifuta meza. "Saa mbili asubuhi, basi."

"Bibi!" nilisema alipokata. "Huyo ndiye aliyemshtaki!"

"Na ndiye mwenye trekta."

Jumamosi asubuhi nilimvusha Tufsa kwa kamba, nikamfunga kwenye mti mrefu wa gome jeupe, mbali kabisa ndani ya Uswidi, na bakuli lake na blanketi lake. Niliporudi, trekta la Oddleif lilikuwa linapanda kilima.

"Mzee Oddleif!" nikamwita. "Umepotea? Kituo cha polisi kiko upande ule."

"Nimeitwa dugnad."

"Unajua tunahamisha nyumba kwa ajili ya nani?"

"Najua."

"Na unajua nani aliyesababisha?"

"Najua. Sogea, umekanyaga mnyororo wangu."

"Kwa hiyo kwa mkono wa kulia unamwitia sindano, kwa wa kushoto unamjengea nyumba?"

Oddleif alizima injini ndipo akanijibu, maana si mtu wa kupoteza dizeli kwa maongezi. "Mbwa yule sitaki kumsikia karibu na kondoo wangu. Hilo nimelisema polisi na nitalisema tena. Magogo hayajanikosea kitu. Umemaliza?"

Nilikuwa na mengine, mazuri sana, lakini alishawasha injini.

Tulifumua kijumba kuanzia juu. Nyasi za paa zikashuka na udongo wake, kisha magome ya miti, kisha miti ya paa, kisha magogo, moja moja. Oddleif aliyainua kwa mkono wa trekta taratibu kama anayetoa mayai kwenye kiota. Mimi nilipewa kazi ya kukusanya yale majani laini yanayoota msituni kama zulia, ya kusindilia kati ya gogo na gogo upepo usipite, na mbu walinila kwa moyo mmoja. Nilipiga kelele kwamba maisha yetu yote tumekuwa tukipitisha soseji kutoka Uswidi kuja huku, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu anapitisha jiko kwenda kule, je, ushuru wake unahesabiwaje? Watu walicheka. Oddleif hakucheka, ila niliona kofia yake imetikisika.

Kuhusu mahali pa kuiweka, hakuna aliyebishana. Mpaka wetu ni ule ukuta wa mawe. Kila mtu anajua. Ng'ombe wanajua. Bibi aliitaka nyumba karibu iwezekanavyo, mlango uangalie nyumba yake kubwa, ili aone kama nimeacha taa zinawaka mchana. Kwa hiyo Oddleif akaweka mawe ya pembe ng'ambo tu ya ukuta, akayapima na kuyapima tena, akalala kifudifudi akayaangalia kwa jicho moja. "Hapo," akasema. Jumapili jioni kuta zilikuwa zimesimama, mlango unafunga, jiko la chuma limeingia. Paa lilikuwa na miti na magome tu, nyasi zilisubiri wiki nyingine.

Bibi akala uji wake wa kwanza Uswidi. Tufsa akaingia, akanusa kila pembe, akazunguka, akajitupa mlangoni kwa mguno mkubwa kama mzee aliyevua buti. Bibi alimwekea mguu mgongoni, akaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nikamwona amefumba macho.

Jumatatu nilikuwa nimeshaandaa utani wa kumpokelea Torgrim. Alikuja kabla ya saa sita, akiwa na ramani kwenye simu. Oddleif naye alikuwepo, amefuata mnyororo wake.

"Karibu Uswidi, afande," nikamwambia. "Huku silaha unaacha mlangoni."

"Bibi Borghild," alisema Torgrim bila kunijibu, "mpaka uko wapi?"

"Umeuruka. Ule ukuta."

Torgrim aliitazama simu, akautazama ukuta, akaitazama tena simu. Kisha akaingia kwenye kichaka nyuma yetu. Tulisikia matawi yakivunjika, halafu akaita kwa sauti ndogo ambayo sikuipenda: "Njooni."

Ndani ya kichaka kulikuwa na rundo la mawe lililopakwa rangi ya njano, limezama kwenye majani mpaka shingoni. Alama ya mpaka, ya serikali. Sote tuliwahi kusikia kwamba zipo. Lakini nani ana haja ya kutafuta alama ya mpaka ambao maisha yako yote unauvuka ukitafuna mkate? Torgrim alionyesha rundo la pili, lililoonekana kwa mbali upande wa chini, juu ya jabali. Kutoka la kwanza kwenda la pili mstari ulinyooka. Ukuta wa mawe ulikuwa hatua kadhaa huku, upande wetu. Aliyeujenga, Mungu amrehemu, alifuata ardhi iliyo rahisi kuchimba.

Na mstari ulipita katikati ya nyumba ya Bibi.

Tulirudi kwenye nyumba. Torgrim alisimama kizingitini, akanyoosha mkono kutoka alama hadi alama kama mtu anayekata keki. "Kitanda, Uswidi," alisema. "Jiko la chuma, Uswidi. Meza, nusu kwa nusu. Mlango..." Akashusha mkono. "Mlango uko Norwei."

Na mlangoni, juu ya mkeka, alikuwa amelala Tufsa, mrefu kama alivyo, kichwa ndani karibu na jiko, mkia nje kizingitini, unapigapiga mbao kwa furaha ya kuona watu.

"Kichwa Uswidi, mkia Norwei," nikasema. "Kamata mkia, afande, kichwa tuachie."

Hakuna aliyecheka, hata mimi.

"Synne, sitanii," Torgrim alisema. "Nimeahidi makazi yatakuwa yamehama. Nyumba ambayo mlango wake uko Norwei ni nyumba ya Norwei. Ni mbwa wa huku, hata mkimfunga kwenye mti wa Stockholm. Na daktari wa mifugo yuko njiani. Nilimwambia aje tu, kwa utaratibu, nikijua hatakuwa na kazi."

Bibi alikuwa ameketi kitandani na birika la kahawa magotini. "Mtu akitaka kumgusa," alisema taratibu, "aje anipite mimi. Na mimi niko Uswidi. Umesema mwenyewe."

"Bibi, tafadhali."

"Sitoki. Naye hatoki."

Hapo ndipo Oddleif alipofungua mdomo. Nilidhani atasema sheria ni sheria. Nilikuwa nimeshakusanya matusi ya kutosha kumjibu. Lakini Oddleif alikuwa anaangalia jiwe la pembe, lile aliloliwekea jicho moja, na masikio yake yalikuwa mekundu kama jamu.

"Nani aliweka mawe haya?" akauliza.

"Wewe," nikasema.

"Mimi." Akalipiga jiwe teke, jiwe halikujali. "Siku mbili za dugnad, watu wote wamenishuhudia, na mimi nimejenga nyumba nusu. Miaka ishirini ijayo watoto wa shule watapita hapa: hii ndiyo nyumba ya Oddleif aliyekosa nchi nzima." Akamgeukia Torgrim. "Daktari yuko wapi?"

"Amefika duka la njia panda."

"Basi muda upo. Synne, leta magogo ya mviringo, yale membamba! Bibi Borghild, toka nje."

"Nimeshahama mara moja wiki hii," alisema Bibi. "Sihami tena."

"Basi shika birika."

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Nilipiga yowe barabarani, na waliokuwa karibu wakaja, na aproni zao, na povu la kunyolea shavuni, kwa sababu dugnad haijaisha mpaka mwenye nyumba aseme imeisha. Tulichomoa bomba la moshi. Tukaweka jeki kwenye pembe, tukasukuma magogo chini ya sakafu, Oddleif akazungusha mnyororo wake kwenye magogo ya chini akaufunga nyuma ya trekta. Bahati ilikuwa upande wetu: bila nyasi za paa nyumba ilikuwa nyepesi kiasi cha kusikia maneno.

"Torgrim," Oddleif aliita, "wewe unasaidia au unazuia?"

Torgrim alikuwa ameinamia simu yake. "Mimi naangalia ramani," alisema. "Ramani hii ni ngumu sana. Itanichukua muda."

Trekta likaunguruma. Nyumba ikalia kila pembe. Kisha ikasogea, kidogo, kama ng'ombe anayefikiria. Sisi tulikuwa tunachukua gogo la nyuma na kukimbia nalo mbele, la nyuma, mbele, la nyuma, mbele, na mimi nilikuwa natukana kwa Kinorwe na Kiswidi ili nchi zote mbili zisikie. Kupitia dirishani nilimwona Bibi amekaa wima, mkono mmoja umemkumbatia Tufsa, mwingine umeshika birika, na Tufsa amefunika macho kwa paja la Bibi, akiamini tena kwamba amejificha.

Wakati huo gari la daktari likafika. Ni msichana, mgeni wilayani, ana sanduku dogo mkononi. Alisimama. Nyumba ilikuwa inapita mbele yake. Bibi alifungua dirisha.

"Habari za safari!" alimwambia. "Kahawa?"

Daktari alimtazama Torgrim. "Mbwa... mbwa yuko wapi?"

"Subiri," alisema Torgrim bila kuinua kichwa. "Bado naangalia ramani."

Oddleif hakusimama kwenye mstari. Hakusimama hata alipoupita. Alivuta mpaka trekta lake lenyewe likaingia kwenye bwawa dogo la nyuma, akazima injini, akashuka, akaenda hadi kwenye rundo la njano, akalala kifudifudi akaangalia kwa jicho moja. Akarudi kuangalia la pili. Kisha akamwita Torgrim aje alale naye aangalie. Polisi kwa sare akalala kwenye majani yenye umande.

"Uswidi," alisema Torgrim akiinuka.

"Yote?"

"Yote. Mlango, mkeka, mkia."

Daktari alifunga kisanduku chake ambacho hakuwahi kukifungua. "Basi mimi sina mgonjwa," alisema, na akanywa kahawa ya Bibi kupitia dirishani, akiwa amesimama Uswidi na gari lake likiwa Norwei. Nadhani alifurahi. Mtu hasomi miaka yote ile ili aje aue mbwa anayejificha kwenye paja la bibi kizee.

Oddleif alikuwa anakunja mnyororo. Nilimwendea. Nilitaka kumshukuru, lakini kwenye dugnad hakuna kushukuru, kwa hiyo nikamwambia, "Mzee Oddleif, kumbe na wewe ni chotara. Nusu polisi, nusu mtu."

"Akivuka tena, nampigia Torgrim," alijibu. "Usidhani nimebadilika."

"Na ukipiga," Bibi akaitikia kutoka dirishani, "mimi nakuitia dugnad nyingine. Tunaihamisha nyumba mpaka pwani ya mbali ya Uswidi, tuone nani atachoka."

Oddleif alipanda trekta lake. Lilikuwa limezama, ikabidi tumsukume.

Jioni ile, jua bado limejaa juu ya miti, tulirudisha bomba la moshi na Bibi akawasha jiko. Nilikuwa nimemletea redio kutoka nyumba kubwa. Alizungusha kitufe, akapita taarifa ya habari, akapita hali ya hewa, akapita mahubiri, mpaka akapata anachokitafuta. Kodiani.

"Bibi," nikasema. "Si leo."

"Kwa nini si leo?"

Akaongeza sauti. Tufsa akainuka kwenye mkeka, akatoka kwenye uwanja wake mpya wa Kiswidi, akapanua miguu, akainua pua. Ule mlio ukapanda, ukapita juu ya kichaka, juu ya mawe ya njano, juu ya ukuta, ukashuka bondeni kwa Oddleif bila kuulizwa pasipoti.

Simu ya Bibi ikalia. Mara hii Oddleif alimpigia yeye kwanza.

"Borghild," sauti ya Oddleif ilisikika hata nilipokaa. "Mwambie huyo anyamaze."

"Piga polisi," alisema Bibi. "Wa Uswidi. Nikupe namba?"

Kisha akanyoosha mkono nje ya mlango, akamwekea Tufsa simu karibu na mdomo, ili Oddleif asikie vizuri.